Attorney Woo: Kesi Alizoshinda Ndizo Zilizonishika

Ukikutana na mtu aliyeangalia Extraordinary Attorney Woo, tamthilia ya Korea Kusini kuhusu wakili kijana, mpe dakika moja tu, atakutajia nyangumi. Akimaliza nyangumi atakuja kwa Jun-ho, yule kijana wa ofisini mwenye tabasamu, halafu gimbap, ule wali uliovingirishwa kwenye mwani, za baba yake Woo. Simlaumu. Nyangumi wale niliwapenda mimi pia, wakielea juu ya majengo ya Seoul kila wakili Woo anapopata wazo, na Park Eun-bin, mwigizaji wake, aliibeba nafasi ile mpaka tuzo kuu ya Baeksang ya 2023, tuzo za filamu na televisheni za Korea, ikawa haki yake. Lakini nikisoma maoni ya watazamaji wenzangu naona kuna sehemu wanazipita mbio, wengine wanasema zimepoa, na kwangu mimi hizo ndizo moyo wa tamthilia nzima. Ni zile ambazo Woo Young-woo anashinda kesi, na ushindi unamkwama kooni.

Kwa asiyeijua: ina sehemu 16, ilianza kurushwa Juni 2022 kwenye ENA, kituo kidogo ambacho hata Wakorea wengi hawakuwa na habari nacho. Sehemu ya kwanza haikufikisha asilimia moja ya watazamaji. Ya mwisho ilifika asilimia 17.5. Watu waliambizana, basi. Mhusika mkuu ni binti mwenye usonji (autism) aliyeongoza darasa lake la sheria Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, anaajiriwa na kampuni kubwa ya mawakili iitwayo Hanbada, na karibu kila sehemu ina kesi yake. Mwandishi, Moon Ji-won, alichota kesi nyingi kutoka kwenye mambo yaliyotokea kweli na mawakili wa huko wakayaandika, na ukiangalia kwa makini utaona. Zina ile hali ya kesi halisi: hakuna upande ulio safi wote, na hukumu ikisomwa bado unabaki na swali.

Chukua sehemu ya 5. Kampuni mbili zinatengeneza mashine za kutolea pesa. Moja, Ihwa, inadai mwenzake, Geumgang, ameiba ubunifu wake, na inaomba mahakama itoe zuio ili Geumgang asiendelee kuuza. Woo anaitetea Ihwa. Kadiri anavyowahoji wateja wake anaona kuna kitu hakikai sawa, mashaka yanamwingia, lakini pembeni yake yuko Kwon Min-woo, wakili mwenzake anayeshindana naye kwa kila mbinu, na yeye hataki kushindwa mbele ya Min-woo. Mwenye Geumgang anamwandikia barua. Anamuuliza, kwa ufupi: unataka kuwa wakili wa kushinda tu, au wakili wa kuweka ukweli wazi?

Zuio linatolewa. Baadaye inajulikana kwamba ubunifu ule haukuwa wa Ihwa hata kidogo. Lakini imeshachelewa: katika muda ule mfupi Ihwa wameshafunga mikataba na mabenki, Geumgang ameshaanguka, na hata zuio likiondolewa hakuna wa kumrudishia soko lake. Ihwa hawakuhitaji kushinda mpaka mwisho. Walihitaji muda tu, na sheria ikawapa.

Nimeona watu wanaandika kwamba sehemu hii inachosha, mambo ya mashine na hati. Mimi nilikaa wima. Yeyote aliyewahi kuingia kwenye mgogoro wa kiwanja, iwe Dar es Salaam au Mombasa, anajua kwamba zuio la muda linaweza kumaliza ugomvi kabla kesi ya msingi haijasikilizwa hata siku moja. Mwenye pesa anaomba zuio, tarehe zinasogezwa, mwenzake anaishiwa, anakuja kukubali chochote anachopewa. Tamthilia chache sana za mahakamani zinathubutu kukuonyesha jambo hili, kwa sababu halina shahidi anayelia kizimbani wala siri inayofichuka dakika ya mwisho. Hii ilithubutu. Tena ilimfanya shujaa wetu, binti tunayempenda wote, kuwa chombo cha dhuluma hiyo. Mwishoni anaishusha picha ya alizeti aliyopewa na mteja, na mahali pake anaibandika ile barua ukutani, aione kila akikaa mezani.

Sehemu ya 12 inakwenda mbali zaidi. Kampuni ya bima inapunguza wafanyakazi. Inawaita wanandoa wanaofanya kazi hapo wote wawili na kuwaambia kwamba mmoja ajiuzulu kwa hiari, la sivyo mume atapewa likizo bila malipo. Karatasi haisemi "wanawake tokeni". Haihitaji kusema. Wake ndio wanaoitwa, wanakumbushwa wajibu wa mke kumsaidia mumewe, na wanaandika barua za kujiuzulu. Wawili kati yao wanagoma kukubali kwamba ile ilikuwa hiari, wanakwenda mahakamani, na Hanbada, akiwemo Woo, wanaitetea kampuni.

Jambo kama hili lilitokea kweli Korea Kusini. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa 1997, Nonghyup, taasisi kubwa ya ushirika wa wakulima, iliwabana wanandoa waliokuwa wafanyakazi wake kwa namna hiyo hiyo, na waliotoka walikuwa wake kwa mamia. Waliokwenda mahakamani walishindwa. Kwa hiyo mwandishi hakuweza kuwapa wanawake wa kwenye tamthilia ushindi wa kubuni bila kuwasaliti wale wa kweli, na namheshimu sana kwa kutofanya hivyo.

Katikati ya kesi Woo anagundua kwamba mpango wenyewe ulitokana na ushauri wa Hanbada. Hapo anakwenda kwa mkuu wake, Jung Myung-seok, na kumkumbusha kifungu cha kwanza cha sheria ya mawakili ya Korea, kinachosema kazi ya wakili ni kulinda haki za msingi za binadamu na kusimamisha haki katika jamii. Myung-seok anamjibu kwamba kazi yao ni kulinda haki za mteja, na kujua upande upi una haki ni kazi ya jaji.

Mabishano yaliyofuata baina ya watazamaji nimeyasoma mengi. Wapo wanaosema Myung-seok alimwangusha, kwamba mtu tuliyemwona mlezi bora kazini aligeuka mamluki. Mimi sioni hivyo. Alichosema kinafundishwa kwenye kila shule ya sheria, na kina hoja: kama mawakili watawatetea wale tu wanaowaona wana haki, mshtakiwa anayechukiwa na watu atasimama peke yake. Tatizo ni kwamba Hanbada hawakukaribishwa kumtetea mtu aliyekwisha kushtakiwa. Walichora ramani ya jinsi ya kuwatoa wanawake kazini bila kukamatika, kisha wakalipwa tena kuitetea ramani yao. Kumtetea mkosaji na kumpangia kosa ni mambo mawili, na tamthilia ilimwachia mtazamaji ayatenganishe mwenyewe. Wengi hawakuyatenganisha, wakabaki kubishana kama Myung-seok ni mtu mwema.

Wakili wa wale wanawake, Ryu Jae-sook, ndiye mhusika ninayempenda kuliko wote, na anaonekana sehemu moja tu. Ofisi yake ndogo, anapanda mboga darini. Mahakamani anapigana kwa sauti yake yote. Anashindwa. Baada ya hukumu anawakusanya wateja wake huko huko juu ya nyumba, wanakula pamoja, wanacheka, anawasomea shairi, na Woo na wakili mwenzake Choi Su-yeon, waliotoka kuwashinda saa chache tu kabla, wanakaribishwa kwenye chakula hicho. Mara ya kwanza sikuamini kwamba watu wanaweza kufanya hivyo. Nikakumbuka wanawake niliowaona nje ya mahakama, wamepoteza kesi ya mirathi, wanagawana ndizi na maji chini ya mti huku wanapanga rufaa. Inawezekana sana.

Sehemu hiyo imepewa jina la pomboo wa mto Yangtze. Watafiti walimtafuta mto mzima mwaka 2006 na hawakuona hata mmoja. Woo anamwona wakili Ryu kama kiumbe wa namna hiyo, wa aina inayotoweka. Kwa hiyo hata nyangumi na pomboo ambao watu wanawachukulia kama pambo wana kazi wanayoifanya, ukiwapa nafasi.

Sasa kuna lawama moja kubwa zaidi, na siwezi kuipita. Wazazi wengi wa watoto wenye usonji, Korea na kwingineko, walisema Woo ni ndoto: kichwa kinachokumbuka kila kifungu cha sheria, binti mzuri, anayejitegemea. Shangazi yangu analea mjukuu mwenye usonji asiyeongea. Nilimwonyesha sehemu mbili. Akaniambia, "Huyo ni wa kwenye TV, mwanangu. Wa kwangu nikigeuza shingo tu, yuko barabarani." Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo naona yuko sahihi.

Ila nataka haki itendeke kwa upande wa pili pia. Sehemu ya 3 inaleta jambo hilo hilo mezani. Kijana mwenye usonji mzito anashtakiwa kwa kifo cha kaka yake, mwanafunzi wa udaktari. Mama wa kijana anamtazama Woo na kumwambia jinsi moyo unavyomchanganyika kumwona, kwa sababu naye ana usonji kama mwanawe na wala hawafanani. Ni kilio cha shangazi yangu, na kimewekwa ndani ya tamthilia kabla mtazamaji hajakitoa. Kisha mwendesha mashtaka anaugeuza usonji wa wakili kuwa silaha dhidi ya mteja wake, na Woo anasoma maoni ya watu wanaoandika kwamba ni hasara kwa taifa afe daktari mtarajiwa abaki yule mwingine, na mamia wameyaunga mkono. Hakuna aliyeandika sehemu hiyo ili kutupendeza.

Kilichoniuma ni kilichotokea nje ya skrini. Tangu mwisho wa 2021 wanaharakati wenye ulemavu walikuwa wakiingia kwenye treni za chini ya ardhi za Seoul saa za watu kwenda kazini, wakidai lifti na usafiri wanaoweza kuutumia. Treni zilichelewa. Walitukanwa sana. Na majira hayo hayo nchi nzima ilikuwa inamshangilia Woo. Hilo si kosa la mwandishi, ila mtazamaji anayempenda Woo na kumzomea mwenye kiti cha magurudumu kituoni anatakiwa ajiulize alikuwa anaangalia nini.

Kuhusu Kwon Min-woo, mtu aliyetukanwa kuliko wote: hoja yake ilikuwa kwamba Woo amebebwa, kwa sababu mkuu wa Hanbada alijuana na baba yake tangu chuo, na kwamba wenzake hawawezi hata kushindana naye bila kuonekana wakatili. Kwetu tunaijua lugha hiyo, "ana mtu". Na ni kweli, mlango ulifunguliwa na mtu. Lakini binti aliyeongoza darasa alikaa miezi kadhaa bila kampuni hata moja kumtaka. Koneksheni ilimpa kile ambacho vyeti vyake vilipaswa kumpa mapema. Su-yeon, aliyesoma naye darasa moja, aliliona hilo bila kuelezwa, ndiyo maana nilikereka tamthilia ilipotaka nimkubali Min-woo kama mchumba wake.

Na mwisho nao sikuupenda sana. Sehemu mbili za mwisho zinageukia siri ya mama mzazi wa Woo, Tae Su-mi, anayetaka uwaziri wa sheria, na mwanawe aliyedukua data za wateja wa duka la mtandaoni. Park Eun-bin anacheza vizuri mno anapomkabili mama yake, lakini maswali ya sehemu ya 5 na ya 12 yanaachwa njiani. Woo anapata ajira ya kudumu Hanbada, kampuni ile ile iliyochora ile ramani, na hakuna anayeigusa tena.

Kama kuna msimu mwingine, ningetaka kesi moja tu: Woo upande mmoja, Ryu Jae-sook upande mwingine, na safari hii ushauri wa awali uwe umetoka mkononi mwa Woo mwenyewe. Nione atamjibu nini wakili mgeni atakayeingia ofisini kwake na kile kifungu cha kwanza.