Mwenge walinipa msasa, Ujerumani wananiomba ankara

Fomu ina wiki ya tatu mezani, imelaliwa na bakuli la ndimu. Ni ya KSK, mfuko wa bima ya jamii kwa wasanii wa hapa Ujerumani. Ukikubaliwa, nusu ya mchango wako wa afya na uzeeni inalipwa na serikali pamoja na kampuni zinazotumia kazi za wasanii. Sina ubishi nao. Mpango huo upo tangu 1983, na sisi nyumbani mchongaji akilazwa tunapitisha daftari la mchango. Kilichonikwamisha ni swali moja: mwaka ujao unatarajia kuingiza kiasi gani kwa sanaa yako? Kiwango cha chini ni euro 3,900 kwa mwaka, ingawa anayeanza husamehewa miaka mitatu. Halafu ambatanisha ankara, mikataba, ushahidi wa maonyesho.

Mimi usiku nakanda mikate, mchana ndiyo nachonga. Nitaandika nini hapo?

Kwetu Tanzania neno lenyewe, msanii, lina balaa. Kijana akitoa wimbo mmoja tu, tayari msanii. Fundi simu akikubambikia kioo feki, unamwambia aache usanii. BASATA, baraza la sanaa la taifa, inasajili wasanii, sawa, lakini kwenye vibanda vya vinyago vya Mwenge, Dar es Salaam, nilikojifunzia kazi sikumsikia mtu akijiita hivyo. Walikuwa wachongaji. Walikuwa mafundi.

Mjomba alininyima patasi mwaka mzima na ushee. Kazi yangu ilikuwa kupiga msasa na kupaka kiwi. Nikajifunza kuupima mpingo kwa uzito mkononi, maana kuna mti mwingine hupakwa rangi ya viatu akauziwa mgeni (huo sasa ndio usanii wenyewe). Siku aliponiachia gogo nikachonga tembo. Alimgeuzageuza, akaenda kumlaza pembeni ya jiko la mama ntilie, penye kuni. Hakutia neno. Nikarudi kwenye msasa.

Huku nao wana mpaka wao kati ya fundi na msanii, tena mkali. Mwaka 2007 mahakama yao ya juu ya mambo ya bima ya jamii iliamua kwamba mchora tatuu kwa kawaida ni fundi, hata kama mchoro kaubuni mwenyewe. Atahesabiwa msanii pale tu wajuzi wa sanaa wanapomtambua hivyo. Niliposoma nikacheka peke yangu. Si ndiyo benchi la Mjomba hili, wajuzi wakiihukumu kazi! Ila wajuzi wa huku ni wenye kumbi za maonyesho na wakosoaji, ambao wengi wao hawajawahi kushika tezo. Wajuzi wa Mwenge ni wazee wenye malengelenge.

Mimi nawaamini wenye malengelenge. Lakini nisiwapambe mno: ukiwaletea umbo jipya watakuuliza nani atalinunua, kisha watakurudisha kwenye tembo. Swali la "chako hapa ni kipi?" nimelikuta huku, na lilinikosesha usingizi kwa faida.

Halafu kuna mchoraji wetu Edward Said Tingatinga, anayevuruga hesabu zote mbili. Alikuwa mtumishi wa nyumbani, baadaye akafanya kazi hospitali ya Muhimbili. Alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka michache tu. Hakuwa na benchi la kumpitisha, na sijui ile fomu angeijazaje. Leo mtindo mzima unaitwa jina lake, na vijana wanaourudia kwa mikono yao huku wangeitwa wanakili. Kwangu mimi wanasoma, kama nilivyosoma kwa msasa.

Mwezi uliopita nilimaliza mwanamke aliyebeba ndoo, nikamchonga kwa mti wa hapa uitwao Linde, laini hadi patasi inakimbia bila kuamriwa. Jirani alimsifu mpaka nikaona haya. Nikampiga picha pande zote nne, nikamtumia Mjomba kwa WhatsApp. Jibu lilikuja kesho yake, sauti ya sekunde nane, nyuma yake nyundo zinalia: "Mgongo sawa. Miguu umeiharakisha. Rudia miguu."

Ndimu nimezihamisha. Fomu bado ipo. Leo nimeanza na miguu.