Leza ya macho na taa za Kibirizi

Mpwa wangu anavua dagaa Kibirizi, Kigoma. Vitu vya mbali havioni sawasawa, na miwani ziwani ni kero: maji yakirukia, vioo vinabaki na madoa, na miwani moja tayari imezama Ziwa Tanganyika. Juzi kaniuliza, "Mjomba, nikiuza mashine ya boti nikafanyiwe ile ya leza, si nitaachana na miwani moja kwa moja?" Nilikawia kumjibu.

Leza yenyewe si uganga: inachonga konea, kile kioo hai cha mbele ya jicho, ili mwanga utue mahali pake ndani ya jicho. Zamani konea ilichongwa kwa vyuma. Daktari José Barraquer, kule Bogotá, Kolombia, aliyeanza kulitetea wazo hilo mwaka 1949, alikuwa akikata kipande cha konea, anakigandisha, anakipitisha kwenye kerezo kama mguu wa kitanda, halafu anakishona kilipotoka. Mambo yalibadilika Novemba 27, 1981. Rangaswamy Srinivasan, mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM, Marekani, alikwenda kazini na mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya jana yake. Yeye na wenzake, James Wynne na Samuel Blum, walikuwa na leza ya eksima yenye miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, ya nanomita 193. Ilikata nyama bila kuunguza kandokando, kwa kuwa miale hiyo huvunja vifungo vya molekuli na kile kipande kikapeperuka kabla joto halijasambaa. Mwaka 1983 daktari Stephen Trokel alishirikiana na Srinivasan kuonyesha kazi hiyo kwenye konea za ng'ombe, na 1988 Marguerite McDonald akaitumia kwa mama mmoja ambaye jicho lake lilikuwa liondolewe kwa sababu ya saratani. Marekani iliidhinisha leza hiyo kwa wasioona mbali mwaka 1995. Leo kazi ni ya dakika chache kwa kila jicho, na wengi wanaofanyiwa wanaridhika.

Kinachonitia wasiwasi ni waliotangulia. Daktari Tsutomu Sato wa Japani alipunguza tatizo la kutoona mbali kwa kuchanja konea kwa wembe, hata kwa upande wa ndani. Wagonjwa walifurahi. Miaka mingi baadaye konea zao zikavimba na kufifia, maana zile seli za ndani zinazosukuma maji nje zikifa hazioti tena. Svyatoslav Fyodorov wa Moscow naye akachanja nje tu, miaka ya 1970, na Marekani wakamfuata kwa wingi. Utafiti wa kwao uliotolewa 1994 ulikuta kwamba baada ya miaka 10, asilimia 43 ya macho yalikuwa yamesogea dayopta 1 (kipimo cha nguvu ya miwani) au zaidi kuelekea kutoona karibu.

Haki ya leza ni haki yake: si wembe, na sasa imefuatiliwa kwa zaidi ya miaka 30. Lakini nayo hukata mishipa midogo ya fahamu ya konea, macho yakawa makavu, na baadhi ya watu huona duara la mwanga kuzunguka taa usiku. Kwa karani wa benki hilo ni jambo dogo. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka analala, na mbele yake ni taa tupu juu ya maji. Tena macho yakimsumbua, kurudi kwa daktari Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Na akishafika miaka arobaini na kitu, miwani ya kushonea nyavu ataihitaji tu. Leza ya namna hii haizuii uzee wa lenzi iliyo ndani ya jicho.

Kilichoamua ni kingine kabisa. Ana miaka 20, na namba ya miwani yake ilibadilika mwaka jana. Daktari makini hachongi jicho ambalo bado linahama. Nikamwambia mashine ibaki kwenye boti, asubiri namba itulie, kisha apimwe unene na umbo la konea ndipo tuongee hela.

Hakufurahi. Nimemnunulia kamba ya kufungia miwani shingoni.