Kibali cha England hakinunuliwi, jamani tusiuzie karafuu hilo

Wiki ilopita nilikuwa Chake, Pemba, kwa kaka'angu, karafuu zimeanikwa uani majamvi mawili, akanambia njoo ndani nikuoneshe kitu, akatoa bahasha na ndani yake karatasi kaikunja vizuri utasema hati ya shamba. Juu nembo ya klabu ya England imefifia kama imepigwa kopi mara kumi, jina la mwanawe limejazwa kwa kalamu ya bluu, na chini kabisa imeandikwa ada ya kibali cha kazi shilingi 3,200,000 ilipwe kabla dirisha la usajili halijafungwa. Wakala wa wachezaji aloileta kashapiga simu mara nne siku hiyo hiyo. Na kaka keshauza gunia za mwanzo, pesa zimo kabatini. Dogo mwenyewe ana miaka 17, winga, mbio anazo wallahi, kasimama mlangoni ananitazama. "Ami, ni kweli?"

Si kweli, na naandika hapa kwa sababu najua si nyumba ya kaka'angu peke yake ilofikiwa na karatasi hizi.

Kibali cha kucheza England hakiombwi na mzee wa mchezaji wala na wakala anayekupigia simu. Klabu inayokutaka ndo inakwenda FA, chama cha soka cha England, kuomba uidhinishwe, ikishapata ndo mambo ya viza yanafuata. Tangu 2021, Uingereza ilipomalizana na Umoja wa Ulaya, wanahesabu pointi na zinatakiwa 15. Wanatazama umecheza mechi ngapi za timu ya taifa, dakika zako kwenye ligi na kwenye mashindano ya bara, ligi unayotoka ina uzito gani, klabu yako imemaliza nafasi ya ngapi. Hakuna pahala palipoandikwa baba ana shilingi ngapi. Na huyu wetu ana 17, FIFA hairuhusu mchezaji chini ya 18 kuhama nchi ila kwa sababu chache sana, siku hizi hata mtoto wa Ufaransa wa umri huo England hapati, sasa wa Pemba atapitia wapi?

Kinachoniuma zaidi ni hili la timu ya taifa. Ikiwa nchi yako imo 50 bora za FIFA na unacheza mechi nyingi, unapita moja kwa moja. Tanzania hatujawahi kuingia humo. Na sisi Wazanzibari ndo kabisa, CAF, shirikisho la soka la Afrika, walitupa uanachama Machi 2017, Julai mwaka ule ule wakautoa, FIFA hatumo, kwa hiyo kijana anaweza kuivalia Zanzibar Heroes, timu yetu ya Zanzibar, mpaka jezi ichakae na kwenye hesabu zile akapata sifuri. Mpaka aitwe Taifa Stars, timu ya Tanzania.

Njia ipo lakini, na mshambuliaji wetu Mbwana Samatta kaipita sote tunaona. Katoka Simba 2011 kenda TP Mazembe, 2015 wakachukua ubingwa wa Afrika, Januari 2016 Genk ya Ubelgiji, kakaa pale miaka minne, kachukua ligi, kafunga mpaka Anfield kwa Liverpool, ndo Januari 2020 Aston Villa wakamchukua ana miaka 27. Miaka tisa hiyo. Mwaka 2023 FA walifungua kimlango kidogo, klabu za Premier League na Championship, yaani daraja la kwanza na la pili la England, zinaweza kuwa na wachezaji mpaka wanne wasiofikisha pointi, za League One na Two, la tatu na la nne, wawili, lakini hapo pia ni klabu inakupigania wewe, si wewe unalipia.

Kwa hiyo mimi nilimwambia kaka, mtoto acheze. Acheze ligi yetu, akionekana avuke bahari kwa Simba, Yanga au Azam, apate dakika za mashindano ya Afrika. Mwaka 2025 fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na Berkane ya Morocco, mechi ya pili ilipigwa hapa hapa Zanzibar, uwanja wa Amaan, unadhani wanaosaka wachezaji hawatazami mechi kama ile? Na wakala akija muulize leseni yake ya FIFA, majina ya wenye leseni yapo wazi mtandaoni, hata kwa simu ya dogo unatafuta.

Tulitafuta usiku ule pale pale sebuleni, watatu tumeinamia kioo kimoja. Jina la yule bwana hamna. Kaka kanyamaza muda mrefu, halafu kampigia mwenyewe, kamwambia hatulipi, simu ikakatwa upande wa pili hata salamu hakuna. Dogo kalia kidogo, simlaumu, keshawaambia wenzake skuli kama anaondoka. Asubuhi nimemkuta ukutani anafunga kamba za viatu, ana mazoezi uwanja wa Gombani, kaniuliza Ubelgiji wanazungumza lugha gani.