Miaka 7 ya ghalani si pengo

Wiki iliyopita nilikaa mbele ya wasaili watatu. Mmoja alichukua wasifu wangu, akaweka kidole pale kazi ya kuandika programu ilipokatikia, akasema: "Na hapa katikati, miaka yote hii, ulikuwa hufanyi kitu?" Hapo katikati pameandikwa, kwa herufi zilezile kama kwingine: mtunza ghala, miaka 7. Kidole kilipita juu ya maneno hayo kama karatasi ni tupu.

Swali hilo halijanitoka.

Ghalani mfumo wetu wa kupokea mzigo ulikuwa na skrini moja iliyomlazimisha mpokeaji abonyeze "Thibitisha" ndipo imfungulie sehemu ya kuandika maboksi yaliyopungua au kuharibika. Yaani uthibitishe kwanza, uhesabu baadaye. Lori limesimama mlangoni, dereva anataka karatasi yake isainiwe aondoke, na nyuma yake kuna lori jingine linapiga honi. Utafanya nini? Unabonyeza. Mfumo unasema maboksi 40, kwenye rafu yapo 37, na mwisho wa mwezi unaitwa ujieleze kuhusu maboksi matatu ambayo hayakuwahi kushushwa. Nimeitwa hivyo mara mbili. Mwenzangu mmoja alikuwa hatoki bila kidaftari mfukoni, anaandika hesabu ya kweli kwa penseli, tarehe na namba ya lori, maana siku ya kuulizwa kidaftari ndicho kilichomtetea.

Sasa kumbukeni kwamba kabla ya ghala, kazi yangu ilikuwa kutengeneza skrini za namna hiyo. Malalamiko yakija, niliandika "kosa la mtumiaji" na kufunga faili. Kwa miaka 7 nimekuwa mimi mtumiaji huyo, nimesimama, mikono ina vumbi, macho yako kwenye lori. Leo nikiona kitufe, swali langu la kwanza ni nani atakibonyeza na wakati huo ana haraka ya nini. Darasani sikufundishwa hilo, wala nilipokuwa nimekaa na watengeneza programu wenzangu tu. Mnataka niliite pengo?

Kuna vitu vimenipita, hilo sitalikataa. Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, ilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020 nikiwa ghalani, na programu yangu ya kwanza niliporudi iligoma kwenye print, amri ya kuonyesha maandishi, kwa sababu tu ya mabano ambayo toleo jipya linayadai. Flash, iliyokuwa ikichezesha video na michezo kwenye tovuti, niliiacha hai nikaikuta imezikwa. Kwenye GitHub, mtandao wa kuhifadhia programu, tawi kuu la kila hazina mpya tangu Oktoba 2020 huitwa main lisipopewa jina jingine, mimi vidole bado vinaandika jina la zamani, master. Sawa. Hayo nimeyafidia kwa wiki kadhaa za kukesha. Lakini SQL, lugha ya kuulizia data iliyozaliwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1970, nimeikuta palepale nilipoiacha: niliandika SELECT, nikaunganisha majedwali mawili, majibu yakaja. Anayeniambia kila kitu kimebadilika hajaangalia vizuri kilichoko chini.

Kuhusu kuanza tena na cheo cha chini, sina ugomvi, mradi kazi iwe kazi. Kuhusu umri, sijibu. Na wanaosema akili unde sasa inaandika programu yenyewe, vizuri, basi anayejua mzigo unavyoshushwa anahitajika zaidi, kwa kuwa lazima mtu aiambie kwamba kuhesabu kunatangulia kuthibitisha.

Mwisho wa usaili waliniuliza kama nina swali. Nikauliza ni nani kati yao amewahi kushinda siku nzima na mtu anayeutumia mfumo wao. Wakatazamana. Yule wa pembeni, aliyekuwa kimya muda wote, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Simu bado haijaja. Alhamisi nina usaili mwingine, na swali hilo nitaliuliza mapema zaidi.