Grace Ogot na wasifu usiomtosha

Katika mazishi mengi ya kwetu Kenya, wasifu wa marehemu huwa umekwisha kuchapwa kwenye kijitabu cha ibada kabla jeneza halijafika kanisani, na aliyesoma kimoja anaweza kukisia vingine: marehemu alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alifunga ndoa, alijaliwa watoto, aliugua, alilala. Akiwa ni mama, huongezwa sentensi moja kwamba alikuwa mlezi mwenye upendo, mchapakazi na mcha Mungu. Sina ugomvi na sifa hizo, maana nyingi ni za kweli. Ugomvi wangu ni na mpango wenyewe, unaoweka malezi upande mmoja na kazi upande mwingine, kana kwamba mama aliyejitolea kwa wanawe ni yule aliyeacha kila kitu kingine, na kana kwamba aliyoyafanya nje ya nyumba yalikuwa ama ya kutafuta riziki tu, ama anasa ambayo familia ilimvumilia.

Maisha ya Grace Ogot yanaukataa mpango huo waziwazi. Alizaliwa Asembo, Nyanza, mwezi Mei 1930, na akafariki Nairobi tarehe 18 Machi 2015. Kati ya tarehe hizo mbili alikuwa muuguzi na mkunga, mtangazaji wa redio, ofisa wa maendeleo ya jamii, ofisa uhusiano wa shirika la ndege, mwenye duka la nguo, mwandishi, mjumbe wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, mbunge na waziri msaidizi, na alikuwa mke na mama wa watoto wanne. Wahakiki wa fasihi wanaomkumbuka huchagua mwandishi, na hayo mengine wakayataja kwa haraka kama vituo vya basi njiani. Waliomkumbuka kwa upande wa siasa huchagua mbunge. Mimi naona kwamba ukimchagua mmoja kati ya hao unampoteza hata huyo uliyemchagua, kwa sababu kila kazi aliyoifanya ilikuwa ikiilisha nyingine.

Chanzo cha yote ni nyumbani. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa kijiji chake kupata elimu ya kizungu, akawa Mwanglikana na mwalimu, na ndiye aliyemsomea bintiye hadithi za Agano la Kale. Bibi yake, mzaa baba, alimsimulia zile za Kiluo. Nchi ya Waluo ilikuwa na desturi ya watoto wa kike kulala katika nyumba ya mwanamke mzee, siwindhe, ambako jioni zilijaa sigana, yaani hadithi za kale, na mafumbo hadi usingizi uwachukue. Mtoto aliyelelewa na masimulizi ya pande zote mbili, ya nabii na ya mganga, hawezi kuona ajabu kwamba vyote viwili viko katika dunia moja, na nadhani hapo ndipo penye ufunguo wa vitabu vyake kuliko katika nadharia yoyote niliyoisoma kumhusu.

Uuguzi ndio uliokuja kwanza, na ndio ninaoona umepuuzwa zaidi. Kuanzia 1949 hadi 1953 alisomea kazi hiyo Uganda, kisha akaenda London alikofanya kazi katika hospitali ya kina mama na watoto wachanga. Aliporudi mwaka 1958 alihudumu katika hospitali ya misheni ya Maseno, na baadaye katika huduma za afya za wanafunzi huko Makerere. Yeyote aliyewahi kukaa wodini usiku anajua kwamba muuguzi husikia mambo ambayo daktari hayasikii: mgonjwa anayemeza vidonge asubuhi na kumtuma ndugu kwa mganga jioni, na mama anayejua jina la jirani aliyemroga mwanawe. Katika riwaya yake ya kwanza, The Promised Land, kijana Ochola anahama Nyanza na mkewe Nyapol kwenda kutafuta ardhi Tanganyika, anafanikiwa, kisha husuda ya jirani mganga inamwangushia ugonjwa wa ngozi unaomwotesha miiba mwili mzima, na tiba ya hospitali inashindwa kumponya. Mhakiki anaweza kuuita ugonjwa huo sitiari. Mimi namsoma muuguzi aliyekataa kumdharau mgonjwa wake. Vivyo hivyo katika hadithi fupi The Old White Witch, ambamo wauguzi wa hospitali ya misheni wanagoma kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa kwa sababu kazi hiyo inawavunjia heshima mbele ya watu wao, huku mkuu wao Mzungu akiona ukaidi mtupu. Hadithi kama hiyo huandikwa na mtu aliyewahi kuvaa sare ile, anayejua kwamba pande zote mbili zina hoja na kwamba mgonjwa kitandani anangoja.

Akiwa Uingereza, kati ya 1955 na 1958, aliandika na kutangaza katika kipindi cha BBC kilichoelekezwa kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki na ya Kati, na aliporudi Kenya akawa na kipindi cha kila wiki kwa Kiluo katika Sauti ya Kenya. Redio humfundisha mwandishi jambo ambalo chuo hakilifundishi vizuri, yaani kwamba msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena sentensi iliyompita. Nathari yake ni nyepesi, na wapo walioihukumu kuwa nyepesi mno. Mimi naisikia kama sauti ya mtu anayesimulia akijua kwamba wanaomsikiliza wana shughuli nyingine mikononi.

Mwaka 1962, kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere, alisoma hadithi yake A Year of Sacrifice, iliyochapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Black Orpheus la Nigeria, na ambayo baadaye aliiandika upya kwa jina la The Rain Came. Wengi wetu tulikutana naye hapo, tukiwa na sare za shule: chifu Labong'o anaambiwa kwamba mvua haitanyesha hadi binti yake Oganda atolewe kwa joka la ziwani, na watu wanashangilia na kumsifu msichana huyo kwa heshima aliyopewa, huku baba yake akiwa amekwisha kuvunjika moyoni. Ogot alisimulia katika mahojiano kwamba alipopeleka hadithi zake kwa wachapishaji hapo mwanzo, hawakuelewa ni vipi mwanamke Mkristo angeandika mambo ya kafara na waganga. Wangemsoma vizuri zaidi wangeona kwamba hadithi ile inahusu jambo ambalo mzazi yeyote, Mkristo au asiye Mkristo, analifahamu: kuombwa umtoe mwanao kwa faida ya wote, na kutegemewa ukubali kwa uso mkunjufu.

Alifunga ndoa na mwanahistoria Bethwell Ogot mwaka 1959. The Promised Land ilitoka mwaka 1966, na pamoja na Efuru ya Flora Nwapa wa Nigeria, iliyotoka mwaka huohuo, inahesabiwa miongoni mwa riwaya za kwanza za Kiingereza kuchapishwa na wanawake Waafrika. Mkusanyo wa hadithi fupi, Land Without Thunder, ulifuata mwaka 1968. Katikati ya vitabu hivyo viwili, mwaka 1967, mumewe alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu historia ya Waluo wa kusini. Nyumba moja, watoto walewale, vitabu vitatu katika miaka mitatu. Hata hivyo swali la "aliwezaje?" huulizwa kuhusu mke peke yake, sijapata kusoma makala inayostaajabu jinsi profesa alivyoweza kuandika historia huku akiwa baba. Swali hilo hutolewa kama sifa, lakini ndani yake mna shutuma iliyofichwa, kwamba kila ukurasa alioandika mama ulikuwa umeibwa kutoka kwa mtoto fulani. Jibu langu ni la kawaida sana. Mumewe alimtia moyo kuandika, na katika jamii zetu mama hajawahi kulea peke yake: wapo shangazi, wapo bibi, wapo wasichana wa kazi ambao majina yao ndiyo hasa yanayokosekana katika wasifu wote, wa wanawake na wa wanaume.

Kazi yake katika shirika la ndege la Air India, kama ofisa uhusiano, siwezi kuieleza kwa mengi, ila kwamba ilimweka Nairobi miongoni mwa wafanyakazi wa ofisini, na ulimwengu huo umo katika hadithi ya Elizabeth, karani kijana anayeharibiwa na mkubwa wake wa kazi. Duka la nguo ndilo linalonipendeza zaidi. Watu humtaja mwandishi mwenye duka la nguo kwa tabasamu la huruma, kana kwamba alijishusha. Lakini mwanamke anayependa mavazi mazuri, akayafanya biashara, akawa na fedha zake asizomwomba mtu, amewaonyesha wanawe jambo ambalo hotuba nyingi za uwezeshaji hazijafaulu kulionyesha. Mapenzi ya mtu, yale anayoyafanya kwa kuwa yanampendeza tu, yana haki ya kuwamo katika wasifu wake sawasawa na vyeo.

Upande wa siasa namkumbuka kwa moyo mzito kidogo. Mwaka 1980 alichapisha The Graduate, riwaya fupi yenye mhusika Juanina Karungaru, waziri mwanamke anayesafiri Marekani kuwashawishi wasomi wa Kenya warudi kujenga nchi. Miaka mitatu baadaye Rais Daniel arap Moi alimteua Ogot kuwa mbunge, na mwaka 1985 akashinda kiti cha Gem katika uchaguzi mdogo, kisha akawa waziri msaidizi wa utamaduni na huduma za jamii. Kenya haikupata waziri kamili mwanamke, kama Juanina, hadi Nyiva Mwendwa alipoteuliwa mwaka 1995. Kwa hiyo Ogot aliandika cheo ambacho nchi yake haikuwa tayari kumpa. Lakini ile pia ilikuwa miaka ambayo wahadhiri na waandishi walikuwa wakifungwa au kukimbilia ng'ambo, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa mmoja wao, na Ogot, mwanachama mwanzilishi na mwenyekiti wa chama cha waandishi wa Kenya, alikuwa amekaa upande wa serikali. Wapo wanaosema kwamba alifanya alichoweza kwa watu wa Gem akiwa ndani. Huenda, ila sioni sababu ya kuificha hali hiyo kwa kuwa tunamheshimu. Mama anayesifiwa kwa kufutwa sehemu za maisha yake amegeuzwa picha ya ukutani.

Kilichonigusa kuliko vyote ni kwamba katika miaka hiyohiyo ya bunge, wakati ambapo Kiingereza kingemletea wasomaji wengi zaidi nje ya nchi, alikuwa akichapisha kwa Kiluo. Miaha, iliyotoka 1983, inatokana na kisa cha zamani cha jembe lililokuwa likilima lenyewe kwa amri ya Mungu, hadi bi harusi mmoja alipoamua kulishika na kulima kwa mikono yake, na tangu hapo binadamu wakawa wanakula kwa jasho. Aliandika pia kisa cha Simbi Nyaima, ziwa lililo karibu na Kendu Bay, ambalo Waluo husimulia kwamba lilikuwa kijiji kilichozama baada ya kumfukuza kikongwe aliyeomba hifadhi usiku. Hizo si hadithi alizozibuni kwa ajili ya wahakiki. Ni mali ya akina bibi, na ziliwekwa kwenye maandishi zikiwa katika lugha ambayo akina bibi walizisimulia, wakati ambapo watoto wengi wa Nairobi wenye majina ya Kiluo walikuwa hawazisikii tena nyumbani. Nikiulizwa malezi ya Grace Ogot yalikuwa wapi, hapo ndipo nitakapoanzia, kwa kuwa mama anaweza kulea watoto wengi kuliko aliowazaa.

Mwaka 2012, miaka mitatu kabla ya kufariki, alichapisha tawasifu yake, Days of My Life, na hivyo akawa ameandika wasifu wake mwenyewe kabla ya mtu yeyote kuombwa kumwandikia wa kurasa mbili.