Mama Mwenyekiti Alivyokonda kwa Usiku Mmoja

Steshenari yangu iko Mbagala, fremu moja tu, katikati ya banda la chipsi na meza ya mzee fundi redio. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, napiga picha za pasipoti mbele ya kitambaa cha bluu. Kwa miaka sita nilitumia monita ya inchi 17, zile zenye umbo la karibu mraba, mpaka kona yake ya chini ikaanza kuota weusi kama ndizi iliyolala sokoni. Siku ilipozima moja kwa moja nilichukua hela ya kodi ya fremu, nikapanda daladala kwenda Kariakoo.

Muuzaji wa monita za mtumba alinipokea kwa maneno mengi. "Bosi, chukua hii. Inchi 24, 1920 kwa 1080, hezi 75. Imetoka Ulaya, haijachoka."

Hapo nilielewa inchi na Ulaya. Hezi nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza, lakini monita ya jirani yake ilikuwa na hezi 60, na hesabu ya kujua kipi kikubwa nilifaulu darasa la kwanza. Nikaizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, nikaigonga mgongoni, nikauliza, "Haina 100?" Muuzaji akaniangalia kwa heshima ambayo sikuwa nayo dakika moja kabla.

Vitufe viwili vya pembeni vilikuwa vimezama ndani, havibonyezeki. Akasema hivyo havina kazi. Nikamwamini, maana nilitaka kumwamini. Waya wa VGA, ule unaopeleka picha kutoka kompyuta hadi kwenye kioo, nikaamua kutumia wangu wa zamani, nikaokoa hela ya soda.

Kwenye daladala konda akataka nilipe nauli mbili kwa sababu kioo kimekalia siti. Nikakipakata hadi Mbagala, magoti yamekufa ganzi.

Kabla hata sijakiwasha nikaazima futi kwa fundi cherehani. Nikapima kioo kutoka kushoto kwenda kulia. Hakikufika hata 21. Nikapima tena, nikiwa nimezuia pumzi. Inchi 3 zimeibiwa! Nikampigia simu muuzaji, nikaanza na sauti ya chini kama mtu anayejua sheria. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Bosi, inchi za kioo zinapimwa kona kwa kona." Nikahamisha futi, nikaanzia kona ya chini kwenda kona ya juu ya upande wa pili. 24 kasoro kidogo. Nikasema "Haloo? Haloo? Sikusikii," nikakata.

Kioo kilipowaka, nilifurahi. Kila kitu kilikuwa kipana. Herufi zimenenepa, zina ukungu kidogo pembezoni, nikajua huo ndio ubora wenyewe. Picha yangu na mchumba wangu niliyoiweka nyuma ilionyesha watu wawili walioshiba. Nikaona neema.

Ila hezi zangu 75 nilikuwa nimezilipia, na nilitaka kuziona. Nikaingia kwenye mipangilio ya Windows, nikapekuapekua mpaka nikaikuta orodha: 60, 70, 75, 85. Sasa mtu umeambiwa una 75, halafu unaiona 85 imekaa hapo bure. Ungefanyaje? Nikaibonyeza 85.

Kioo kikawa giza. Katikati kikatokea kisanduku kidogo chenye Kiingereza, nikakitafsiri mwenyewe kwa sauti ya kuomboleza: "Nje ya masafa."

Mzee fundi redio akainua kichwa kutoka kwenye redio aliyokuwa ameipasua tumbo. "Umesema masafa?"

"Ndiyo, mzee. Inasema iko nje ya masafa."

Akaweka chini kifaa chake cha kulehemu, akaja akijifuta mikono. "Masafa ndiyo kazi yangu, kijana, tangu hujazaliwa. Kioo kiko mbali na mashine. Kisogeze."

Nikakisogeza karibu na CPU. Giza. "Sogeza tena." Nikasogeza. "Tena, unaogopa nini?" Nikasukuma mpaka vikagusana, na papo hapo kioo kikawaka! Mzee hakusema kitu. Alivuta tu pumzi ndefu kama daktari ambaye mgonjwa wake amepiga chafya.

Tukajaribu tena ili tuwe na uhakika. Nikachagua 85, giza, nje ya masafa. Safari hii mzee mwenyewe akakisogeza kwa vidole viwili, polepole, akikisemesha kama anatafuta stesheni ya mbali usiku. Ikafika kama robo dakika, kikawaka. Mara ya tatu, vilevile. Nani angebisha? Tukachukua kipande cha mpira, ule wa kufungia mizigo kwenye bodaboda, tukafunga monita na CPU pamoja kama mateka wawili. Mzee akataka aongezee na antena. Nikamkatalia, kwa heshima.

Kesho yake wakaja akina mama wa kikundi.

Walikuwa 14, wote mama lishe wa stendi na mitaa ya jirani, wanaomba ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake. Fomu zilitaka picha, na kila mtu alikuja amejipamba. Mama Mwenyekiti akakaa wa kwanza kwenye stuli, kitenge kimemkaa, kilemba kimesimama. Nikampiga picha, nikaihamishia kwenye kompyuta, nikaifungua mbele yake.

Dukani pakawa kimya.

"Mwanangu," akasema, "huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Hapana. Mimi ni mnene, najijua. Huyu ni mimi na mtu mwingine."

Kweli, uso ulikuwa umesambaa. Mashavu yalikuwa yanakimbilia kwenye masikio, na masikio nayo yanatafuta pa kwenda. Kwa nyuma mtu akacheka, akanyamazishwa. Nikaangalia picha ileile kwenye simu yangu, mama yuko sawasawa. Nikafikiri kidogo nikapata jibu: simu ina kioo chembamba, ndiyo maana inambana.

"Usijali mama. Kamera imeongopa. Nitarekebisha."

Usiku ule sikulala mapema. Nikamkata mama mmojammoja kutoka kwenye kitambaa, nikampunguza upana: asilimia 90, bado, 80, bado, nilipofika 70 sura ikatulia, nikamwona Mama Mwenyekiti ninayemjua. Pembeni nikajaza bluu. Nikafanya hivyo kwa wote 14, asilimia 70 kwa kila mtu, bila upendeleo. Umeme wa mtaa wetu siku hizo ulikuwa unaaga bila taarifa, kwa hiyo nilichapa haraka, nikakata kwa mkasi huku macho yamejaa usingizi, nikatia kwenye bahasha ya kaki. Alfajiri katibu wa kikundi akaipitia, akaenda nayo moja kwa moja ofisi ya kata.

Saa 5 asubuhi nikamsikia Mama Mwenyekiti kabla sijamwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ila subiri kwanza." Akamwaga bahasha mezani. "Mwanangu, sisi tumekukosea nini?"

Nikaangalia. Walikuwa wanawake 14, nyuso ndefu kama mihogo, shingo kama chupa za soda. Katibu, ambaye tangu kuzaliwa alikuwa mwembamba, alikuwa amebaki mstari.

Kumbe afisa maendeleo alizipanga zile picha mezani kwake, akaziangalia sana, akavua miwani, akaivaa. Halafu akauliza kwa upole, "Kikundi chenu mnafanya biashara gani vile?"

"Chakula, mheshimiwa. Wali, maharage, ugali, samaki."

"Mnauza chote?"

Hapo ndipo Mama Mwenyekiti alipokusanya picha akatoka. "Mtu anataka kutupa mkopo," akaniambia, "anatuangalia anaona ni heri atupe uji."

Nikaanza kujieleza, kuhusu kamera, kuhusu simu yenye kioo chembamba. Mzee fundi redio akanitetea kutoka kwenye meza yake kwamba masafa tuliyashughulikia juzi, kwa hiyo tatizo litakuwa karatasi. Katika foleni alikuwepo binti wa chuo aliyekuja kuchapa ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Alikuwa amekaa kimya muda wote, anautazama mpira wa bodaboda.

"Kaka, samahani. Hiyo monita umeifunga kwa nini?"

Nikamweleza. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru hadi leo, ingawa aliinama kufunga kamba za viatu na alikuwa amevaa ndala. Alipoinuka akaomba nafasi. Akafungua programu ya kuchorea, akachora duara kwa kipimo, upana sawa na urefu. Kwenye kioo likatokea embe dodo limelala ubavu. Akabandika sarafu juu ya kioo pembeni ya lile embe. Hakusema neno.

"Kaka, kompyuta yako inatuma picha ya 1280 kwa 1024. Hiyo ilikuwa saizi ya kioo chako cha zamani. Hiki kipya kina vitone 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, na vitone haviongezeki. Ni kama trei ya mayai ya matundu 30. Ukileta mayai 20 na ukalazimisha yaenee trei nzima, itabidi uyapasue uyatandaze. Ndiyo hayo mashavu ya mama."

Mama Mwenyekiti akashika mashavu.

"Na ndiyo huo ukungu kwenye herufi," binti akaendelea. Ubora wangu ukaondoka hivyohivyo.

"Na hezi?" nikauliza kwa sauti ya chini, kwa sababu mzee alikuwa anasikiliza.

"Ni mara ngapi kwa sekunde picha inachorwa upya. Hiki mwisho wake 75. Ukikipa 85 hakiwezi kufuata, ndiyo maana kinakwambia nje ya masafa. Windows inakuuliza kama unataka kubaki na mabadiliko, wewe huoni swali kwa sababu ya giza, basi inasubiri sekunde 15, inakurudisha ulikokuwa. Uko kwenye 60 muda wote."

Nikamgeukia mzee. Alikuwa ameingiza kichwa kizima ndani ya redio.

Lakini nilipotafuta 1920 kwenye orodha haikuwamo. Binti akasema kompyuta haijui hata imefungwa na monita gani, inabahatisha tu, ndiyo maana inatoa mpaka hezi ambazo kioo hakiwezi. Akachomoa waya wa VGA, akauinua kwenye mwanga. Nami nikainama, nikahesabu meno: safu 3, kila moja 5, jumla 15. Safu ya kati jino moja halipo. "Huo hapo ubovu!" nikasema, angalau na mimi nimegundua kitu.

"Hapana, kaka. Hilo la 9 kwenye waya nyingi haliwekwi tangu kiwandani." Akanionyesha safu ya chini, jino la pili kutoka pembeni. La 12. Lilikuwa limelala chali, limekandamizwa tangu enzi za monita ya zamani, nadhani siku niliyolazimisha waya uingie kichwa chini. Picha hupita kwenye meno mengine, ndiyo maana kioo kilikuwa kinawaka vizuri tu. Hilo moja ni miongoni mwa yale ambayo monita huyatumia kujitambulisha kwa kompyuta: mimi ni fulani, upana wangu huu, mwisho wangu hezi hizi. Kwangu ilikuwa inajitambulisha kwa jino lililolala.

Mmoja wa akina mama akatoa kwenye mkoba kibanio cha nyusi. Binti akalisimamisha jino polepole, watu sita tumemzunguka kama tunaangalia tohara. Akachomeka, akawasha. Orodha ikaleta 1920 kwa 1080, na pembeni imeandikwa kwamba inapendekezwa. Akaibonyeza. Embe likawa duara. Mimi na mchumba wangu tukapungua ghafla, tukawa watu wa kawaida wenye madeni.

Nikarudia picha zote 14 bure, pamoja na karatasi. Ripoti ya binti niliichapa bure pia, kurasa 62, na kuiwekea jalada gumu. Ule mpira niliufungua, nikamrudishia bodaboda aliyekuwa anautafuta tangu juzi.

Jioni Mama Mwenyekiti akaja kuchukua picha mpya. Akaziangalia moja moja, akaridhika, akatia kwenye bahasha. Alipofika mlangoni akarudi.

"Na zile za kwanza umezitupa?"

"Bado, mama, ziko kwenye boksi. Nitazichoma."

"Za wenzangu choma. Zangu nipe."

Siku tatu baadaye nikaiona moja kwenye WhatsApp yake, uso mrefu, shingo ya twiga, kilemba kinakaribia kutoka nje ya picha. Chini yake pongezi nyingi, na wawili wanamuuliza anatumia chai gani.

Wiki iliyofuata akaingia mama mmoja nisiyemjua, ametoka mtaa wa pili. Akakaa kwenye stuli bila kuambiwa, akaweka kitenge sawa, akaangalia huku na huku.

"Nimesikia hapa kuna kompyuta inakondesha."

"Ilikuwepo, mama. Imeshatengenezwa."

Akanyamaza kidogo, akaisogelea monita, akaitazama kwa huruma.

"Na haiwezi kuharibika tena? Hata kidogo tu?"