Baba mdogo hakwenda Kagera kwa sababu ya hotuba

Kila Novemba ikikaribia, sauti ya Mwalimu Nyerere akitangaza vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda huanza kuzunguka kwenye magrupu: nia, sababu, uwezo. Naisikiliza mpaka mwisho na mwili unanisisimka, ingawa nilizaliwa vita ile imekwisha zamani. Mwaka jana niliifungulia mbele ya baba mdogo, yeye aliyekwenda kweli. Akasikiliza kwa heshima, akamalizia chai yake, akasema, "Hotuba hii niliisikia vizuri nilipokuwa nimesharudi, mwanangu."

Alikuwa mgambo wa kijiji, miaka 19. Redio waliyokuwa wakiitegemea ilikuwa haina betri. Kwa hiyo ulikwenda kwa nini, baba? "Gari lilikuja. Wa rika langu wote wanapanda. Nibaki na nani, na wazee na mbuzi?" Halafu akaongeza, akicheka, kwamba alisikia huko mbele wanagawa viatu. Yeye hakuwahi kuvaa viatu vya ngozi.

Nimelifikiria sana jibu lile. Nchi ilikuwa na sababu zake na kijana alikuwa na zake, na sababu hizo mbili hazikuwahi hata kusalimiana. Zilikutana tu kwenye bodi la lori.

Tuanze na za nchi. Tukisimulia Kagera huanzia mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka. Naona tunaruka kurasa nyingi. Amin alimpindua Rais Obote Januari 1971, Mwalimu akampokea Obote na kukataa kuitambua serikali mpya. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka kwetu kwenda kumng'oa Amin, wakapigwa vibaya, na ndege za Uganda zikaja kudondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Oktoba ile, Siad Barre, rais wa Somalia, akawasuluhisha Mogadishu: kila upande urudishe askari wake kilometa 10 kutoka mpakani. Bunduki zikanyamaza, midomo haikunyamaza. Mwalimu hakukubali kuketi meza moja na Amin, hivyo wakuu watatu wa Afrika Mashariki hawakukutana tena mpaka Jumuiya ikafa mwaka 1977. Jumuiya ilikuwa na maradhi mengine, reli na ndege na fedha, lakini nyumba ambayo wenyewe hawasemezani haihitaji mchwa wengi.

Sisemi Mwalimu alikosea. Yule mtu alikuwa akiua watu wake kwa maelfu, na kumkumbatia ingekuwa aibu. Ninachosema ni kwamba hata mwenye haki anaweza kuteremka mlima taratibu bila kuona anateremka. Miaka saba ile, kila hatua ilikuwa na maelezo yake mazuri.

Na kulikuwa na kicheko. Amin alikuwa mchekeshaji. Alituma simu za maandishi za utani na matusi, na baadaye vita ikishaanza akataka wapigane ngumi na Mwalimu, Muhammad Ali awe refa. Watu walicheka, nani asingecheka? Ila kuna jambo hakulifanyia mzaha: ule mpaka. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa rula, wakachora mstari kwenye latitudo ya digrii 1 kusini bila kuujali mto. Ndiyo maana tuna ardhi ng'ambo ya Kagera. Amin aliona mto ndio mpaka wa asili. Sisi tulimwona kichaa, na kichaa hawekewi ulinzi mkubwa. Askari wake walipoingia walikuta mpaka umelindwa kidogo sana.

Mwaka 1978 jeshi lake mwenyewe lilikuwa limeanza kumeguka, vikosi vinaasi, na mtawala mwenye maasi nyumbani hupenda ugomvi wa jirani. Wakachukua ardhi yote mpaka mtoni, wakalipua daraja la Kyaka, wakaswaga ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba eneo lile ni la Uganda. Siku ya pili Mwalimu akahutubia. Hapo hata mimi ningepanda lori.

Lakini mtazame na kijana wa upande ule. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, maduka yao yaliangukia mikononi mwa wanajeshi na watu wa karibu na serikali, wale ambao Waganda waliwaita mafuta mingi. Wewe ni kijana wa West Nile, nyumbani kwa Amin, unamwona sajenti aliyeondoka kijijini miguu peku anarudi na gari na duka. Utaulizwa kama unaijua historia ya mstari wa 1890? Unajiandikisha. Na kama ulijiandikisha kwa ajili ya duka, siku roketi za ile mizinga yetu iliyoitwa saba saba zinapokuangukia unakumbuka kwamba duka liko nyuma yako, siyo mbele. Wengi wao walikimbia, na Aprili 11, 1979 Kampala ikawa mikononi mwa jeshi letu na Waganda waliopigana nalo.

Jeshi letu, lililokuwa chini ya watu 40,000, lilivuka 150,000 ndani ya miezi michache. Wengi wa walioongezeka walikuwa kama baba mdogo. Alirudi mzima. Kuna waliolala Kaboya, kule Muleba. Viatu alirudi navyo, akalimia mpaka soli zikaisha, maana madukani hakukuwa na kitu. Tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18. Wanaoikumbuka foleni ya sabuni wanajua miezi ile ilikuwa na siku ngapi.

Vita ile nadhani imetuharibia akili kidogo. Tulikuwa upande wa haki, tukashinda, na haikufika mwaka. Basi tunadhani vita ndivyo vilivyo. Mji wa Goma, Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 nilisoma vijana wetu wakiandika, "Tukiingia sisi, wiki moja." Waliotuma maneno hayo walikuwa na bando na chipsi mezani. Kijana wa Masisi, huko huko Kongo, aliyechomewa nyumba na kukosa shamba, awe ameingia Wazalendo, wale wanamgambo wa upande wa serikali, au M23, hahitaji hotuba ya mtu. Kwake mwenye bunduki ndiye anayekula.

Na sisi huku, katikati ya amani, tunajiandikisha kwa nini? Tangazo la kujitolea Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, likitoka, angalia umati. Mwaka 2021 vijana 854 waliondolewa JKT baada ya kugoma wakidai ajira ya jeshi waliyoahidiwa. Walikuwa wakililia mshahara. Siwalaumu hata chembe. Ila wakubwa wa nchi yoyote wajue kwamba umati ule ukiwa mlangoni, mtu anayetaka vita hahitaji kushawishi sana. Ana jeshi tayari, linasubiri fomu.

Mtoto wa dada yangu ni mmoja wao. Ana cheti cha kidato cha sita na boksi la kuuzia vocha. Juzi alikuja kumwomba babu yake, ndiye baba mdogo, amfundishe kusimama kijeshi kabla ya usaili. Nilitegemea mzee atamsimulia Kagera. Hakusema neno. Aliweka fimbo pembeni, akainuka kwa taabu, akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mguu sawa!"

Kijana akasimama wima. Mzee akamzunguka polepole, akainama, akamrekebisha kidole gumba kifuate mshono wa suruali, kisha macho yake yakashuka kwenye ndala za yule mtoto.

"Wanagawa viatu siku hizi?" akauliza.